Uzi: Mtoto wa shule ya msingi ajifunze nini nyumbani kila siku? Kwa wazazi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe

Ndugu wazazi na walezi,

Kipindi kimoja cha darasa la kwanza au la pili ni dakika 30. Darasa likiwa na watoto 90, jambo ambalo si geni katika shule za serikali za huku kwetu, na mwalimu akaamua kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa sauti bila kufanya kitu kingine chochote, kila mmoja atapata sekunde 20. Kwa sekunde 20 mtoto anayeanza kusoma hamalizi hata sentensi mbili. Ndiyo maana darasa huitikia kwa pamoja, silabi zikiimbwa kutoka ubaoni, na yule asiyejua hufungua kinywa pamoja na wenzake, asitambulike mpaka siku ya jaribio. Simlaumu mwalimu hata kidogo, kwa sababu hakuna binadamu awezaye kuzigawa dakika hizo kwa namna nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba kazi ya kwanza ya nyumbani, ambayo shule haiwezi kuifanya kwa niaba yetu, ni kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti, peke yake, kila siku, na kwamba mengine yote yanafuata baada ya hilo.

Nalisema kwa msisitizo kwa sababu wazazi wengi, tukitajiwa kujifunza nyumbani, tunafikiria mitihani ya miaka iliyopita, twisheni ya Jumamosi, au kumkalisha mtoto mezani anakili kurasa nzima za kitabu. Tangu mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yamejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 haukuuondoa msingi huo. Mtoto akifika darasa la nne, kwenye upimaji wa kitaifa, hata swali la Hisabati linakuja kwa maneno: fulani alikuwa na machungwa kadhaa, akauza haya, akagawa yale, alibakiwa na mangapi? Mtoto anayesoma kwa kukwamakwama anapofika mwisho wa swali ameshasahau mwanzo wake, na mzazi akiona alama ndogo husema mwanangu hajui hesabu, kumbe hesabu anaijua na hakuweza kulisoma swali.

Basi kusoma kwa sauti kufanyikeje katika nyumba isiyo na kabati la vitabu? Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha kwa mtoto wa madarasa ya chini. Kitabu cha shule kikija nyumbani, vema. Kisipokuja, nyumba zetu zina maandishi mengi kuliko tunavyodhani. Kuna mfuko wa mbolea wenye maelezo yake, kuna pakiti ya mbegu za mahindi, kuna kalenda ya kanisa au ya msikiti ukutani, kuna kipande cha gazeti kilichofungiwa bidhaa sokoni, kuna ujumbe wa simu unaosema fedha imepokelewa. Mtoto aweke kidole chini ya neno na asome, nawe ukae karibu naye ukisikiliza. Akikosea, usimkatize hapo hapo. Mwache amalize sentensi, kisha mrudishe kwenye neno lile na mlivunje pamoja kwa silabi. Zile silabi zenye konsonanti zilizoungana, kama katika maneno mbwa, nywele, ng'ombe na mchwa, ndizo zinazowasimamisha wengi, kwa hiyo msistaajabu mtoto anayesoma "kaka" na "mama" kwa wepesi akigota kwenye "nyangumi".

Jihadharini na jambo moja. Watoto wana kumbukumbu kali, na mtoto anaweza kuukariri ukurasa mzima kwa kuwasikia wenzake, akausoma kwa madaha huku macho yake yanatazama kwingine. Mwambie aanze na sentensi ya mwisho kwenda juu, au ufunike mstari kwa kiganja na umwoneshe neno moja lililo katikati. Utajua mara moja kama anasoma au anakumbuka. Akishamaliza, muulize maswali mawili tu kuhusu alichosoma: ni nani aliyefanya jambo lile, na kwa nini. Mtoto anayejibu "kwa nini" ameelewa.

Na mzazi asiyejua kusoma je? Anaweza kabisa. Mtoto asome, kisha amsimulie mzazi habari aliyoisoma kwa maneno yake mwenyewe, na kama nyumbani mnaongea Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena, asimulie kwa lugha hiyo. Kuyahamisha maneno ya Kiswahili kuyapeleka katika lugha ya nyumbani ni kazi kubwa ya akili, na mama asiyejua herufi atajua tu kama masimulizi yana kichwa na miguu.

Nikija kwenye hesabu, hapa watu wa nyanda za juu tuna utajiri ambao hatuutumii. Tunaishi katikati ya vipimo. Sado ya lita 4 inaingia mara tano katika debe la lita 20, na mtoto anayeona viazi, maharage na mahindi vikipimwa hivyo kila wiki ameshapata mgawanyo, kuzidisha na sehemu bila kufungua daftari. Muulize: tukiuza sado mbili kati ya debe moja, tumebakiwa na sehemu gani ya debe? Atasema sado tatu; mpeleke mbele mpaka aseme tatu ya tano, na aiandike. Muulize pia, tukiuza debe lote kwa sado, bei gani ya sado moja italeta shilingi elfu thelathini? Trei ya mayai ina mayai 30, nayo hugawanyika kwa mbili, tatu, tano, sita na kumi, kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu au la nne anaweza kujifunza vigawanyo vizuri zaidi kwa trei tupu na punje za mahindi kuliko kwa kukariri orodha. Mtume dukani akiwa na noti, lakini kabla hajatoka akwambie atarudi na chenji kiasi gani.

Kwa wakubwa, wa darasa la tano kwenda juu, shamba lenyewe ni somo. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo, kila mche unachukua eneo la sentimita za mraba 2,250. Mtoto apige hesabu ni miche mingapi itaingia katika eneo la mita 10 kwa mita 10, kisha akahesabu kweli shambani na kueleza kwa nini idadi aliyoipata kwenye karatasi inatofautiana na iliyopo ardhini. Mahali hapo pa kueleza tofauti ndipo akili inapofanya kazi, na ningependa mzazi akae hapo kwa muda, asikimbilie kumpa jibu.

Mvua nayo ni darasa. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hatuna uhaba wake. Mkebe wenye pande zilizonyooka, uliowekwa mahali pa wazi pasipo na mti wala paa, pamoja na rula, vinatosha. Kila asubuhi mtoto apime kina cha maji kwa milimita, aandike tarehe na kipimo, kisha amwage. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo nyumba yenye paa la mita 6 kwa mita 8, mvua ya milimita 10 ikinyesha, inapokea lita 480. Mwoneshe tangi au pipa lenu, na muulize maji mengine yalikwenda wapi. Mwezi wa Juni na Julai, kule Makete, Mufindi na maeneo ya juu ya Njombe, aandike asubuhi zipi kulikuwa na sakitu juu ya majani na kama usiku wake mbingu ilikuwa wazi au ilifunikwa na mawingu. Baada ya wiki chache ataona mwenyewe kwamba sakitu huandamana na usiku usio na mawingu, na hapo ndipo umweleze kwamba mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee angani.

Kuandika kusiwe kunakili. Sentensi tatu kila jioni zinatosha: nini kilitokea leo, nani alihusika, mimi nilifikiri nini. Mzazi asisahihishe kila kosa. Achague moja tu, labda herufi kubwa na nukta, au l na r ambazo watoto wengi wa huku huzichanganya, na walifanyie kazi hilo kwa wiki nzima. Daftari linalorudi likiwa limejaa wino mwekundu humfundisha mtoto kuandika machache ili akosee machache.

Kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na hapa wazee wetu ni hazina isiyo na malipo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na Makambako, Mbeya na Tunduma bado wapo wazee walioishika sururu na koleo. Mtoto wa darasa la sita aandae maswali matano, aende kwa babu, aamkie, aulize, aandike majibu. Aliye Iringa anaweza kuulizia Kalenga na Mkwawa, aliye Mbozi akaulizia kimondo. Mtoto asiende kusikiliza tu, aandike.

Suala la muda ndilo linalozishinda familia nyingi, kwa hiyo nalitaja waziwazi. Msimu wa palizi mtoto anarudi kutoka shule, anakwenda shamba, anachota maji, na usiku anasinzia. Msimu huo punguzeni muda uwe dakika kumi, lakini msiufute, kwa sababu kinachojenga usomaji ni kurudia kila siku. Jikoni ni mahali pazuri: kuna joto, mama au dada mkubwa yupo, na masikio yanafanya kazi hata mikono ikimenya viazi. Mwanga uwe wa kutosha. Koroboi humtia mtoto moshi machoni, na taa ndogo ya sola ni matumizi yenye maana kuliko kitabu cha mazoezi cha bei ghali. Wala msimnyime usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila usiku, na anayeamshwa saa kumi alfajiri ili ajisomee atasinzia darasani, akipoteza pale pale alichokipata.

Na chakula. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kwamba udumavu kwa watoto walio chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 56.9 Iringa na asilimia 50.4 Njombe, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Hao ndio watoto wanaoingia darasa la kwanza, na mtoto anayesoma jioni baada ya ugali usio na maharage, yai, dagaa wala maziwa anasoma kwa tabu ambayo hakuna zoezi litakaloiondoa. Naomba tujadili.

Mchangiaji, Mafinga

Ndugu mleta uzi, kamwene. Nimesoma yote na nimeguswa na maneno yako juu ya kusikiliza. Mimi na mume wangu tunatoka kibaruani jua limeshazama, na mtoto wetu wa darasa la pili hushinda na bibi yake, ambaye haongei Kiswahili sana. Nilikuwa nikidhani kwamba kwa sababu hiyo mtoto hana mtu wa kumfundisha. Swali langu kwako na kwa wanyalukolo, yaani ndugu, wengine ni hili: bibi atajuaje kwamba mtoto anasoma kweli, wala hamdanganyi kwa kutunga hadithi yake mwenyewe? Na la pili, kaka yake yuko darasa la sita; je, nikimpa kaka kazi hiyo simwongezei mzigo wakati naye ana mitihani yake?

Mchangiaji, mwalimu wa madarasa ya chini, Rungwe

Namshukuru mleta uzi kwa kuona hali halisi ya darasa. Naongeza jambo ambalo linatutesa sana sisi walimu, nalo ni namna herufi zinavyofundishwa nyumbani kabla mtoto hajaanza shule. Shuleni tunafundisha sauti ya herufi, si jina lake. Herufi m tunaitamka kwa kufumba midomo, sauti yake pekee, na b vivyo hivyo, kisha tunaiunganisha na irabu: b, a, ba. Nyumbani mtoto amefundishwa "a, be, che, de", na akija kuunganisha anasema "be-a", asielewe "ba" imetoka wapi. Wazazi wenye nia njema wanatuletea watoto wanaokariri alfabeti yote lakini hawawezi kusoma neno "baba". Tafadhali anzeni na irabu tano, a, e, i, o, u, mpaka mtoto azitambue zikiwa zimechanganywa, ndipo mlete konsonanti moja moja.

Ombi la pili ni kuhusu kazi za nyumbani tunazowapa. Msiwafanyie. Zoezi likirudi likiwa na majibu yote sahihi kwa mwandiko wa mtu mzima, mimi nakuwa sina habari yoyote ya mtoto huyo. Likirudi na makosa, makosa hayo ndiyo yanayoniambia kesho nianzie wapi.

Sikubaliani na mleta uzi pahali pamoja. Ujumbe wa simu na maandishi ya mfuko wa mbolea ni maandishi magumu kwa mtoto wa darasa la kwanza, kwa maana yana vifupisho, tarakimu na maneno ya kigeni. Yafaa kuanzia darasa la tatu. Kwa wadogo, mzazi aandike mwenyewe sentensi fupi kuhusu mambo ya nyumbani: "Babu ana kuku." "Kuku ametaga mayai." Mtoto husoma kwa furaha habari inayohusu nyumba yake.

Mchangiaji, Mbeya mjini

Nauliza kwa heshima. Sisi tulio na vibanda Mwanjelwa na Kabwe tunafunga saa mbili usiku. Mtoto wangu wa darasa la nne anakwenda twisheni mpaka saa kumi na mbili, na ukweli ni kwamba nalipia pia usalama wake, kwa sababu nyumbani hakuna mtu. Mnapoisema twisheni vibaya mnatuacha bila njia. Je, kuna cha kufanya kwa mzazi anayeonana na mtoto usiku tu?

Mleta uzi

Nianze na mwalimu wetu wa Rungwe. Nakubali kuhusu mifuko ya mbolea kwa wadogo, na nawaomba wasomaji walifuate neno lako, kwani wewe ndiye unayewapokea. Sentensi zinazoandikwa nyumbani ni bora zaidi, na haziombi zaidi ya kalamu na kipande cha karatasi.

Dada wa Mafinga, kamwene. Bibi amwambie mtoto asome ukurasa ule ule jioni mbili mfululizo na kumsimulia mara zote mbili. Hadithi ya kutunga hubadilika kutoka jioni moja hadi nyingine, majina yakigeuka na mambo yakipishana, lakini iliyo kitabuni hubaki vile vile. Mabibi wetu wamesimulia hadithi maisha yao yote, na sikio lao kwa jambo hilo ni kali kuliko letu. Siku ya mapumziko wewe mwenyewe ukae na kitabu uhakikishe. Kuhusu kaka yake, dakika kumi za kumsikiliza mdogo hazitamharibia mitihani. Anayemweleza mwingine namna ya kulivunja neno, au namna ya kukopa katika kutoa, analazimika kulipanga kichwani kwanza. Ila mpe ruhusa ya kupumzika siku anazokuwa na majaribio, na msimgeuze kuwa mwalimu wa nyumba nzima.

Kaka wa Mbeya, sikukusudia kuwalaumu wazazi wenye hali kama yako, na usalama wa mtoto ni hoja nzito. Twisheni iendelee. Nenda ukamwone mwalimu huyo umuulize jambo moja: katika wiki, kila mtoto anasoma kwa sauti peke yake mara ngapi? Kama wamo watoto wengi na wote wananakili maswali kutoka ubaoni, unalipia darasa jingine lililojaa kama lile la shuleni. Mwombe awagawe wawili wawili, mmoja asome na mwenzake afuate kwa kidole, kisha wabadilishane. Nawe ukifunga kibanda saa mbili, njiani kurudi nyumbani au wakati wa kula, mtoto akusimulie habari moja aliyoisoma siku hiyo. Siku za likizo, akiwa nawe kibandani, aandike mauzo katika daftari: bidhaa, idadi, bei, jumla. Jioni alinganishe jumla yake na fedha zilizopo, na tofauti ikitokea aitafute mwenyewe kabla hujamsaidia.

Naongeza jambo ambalo hakuna aliyeliuliza bado. Ikiwa mmefanya haya kwa muhula mzima, kila siku na kwa upole, na mtoto bado hatofautishi herufi, au anasogeza kitabu karibu mno na uso, au mnamwita hageuki mpaka aguswe, msimchape wala kumwita mzito. Mpelekeni akapimwe macho na masikio katika hospitali ya wilaya, na mwende na daftari lake la nyumbani shuleni mkamwoneshe mwalimu wa darasa ni herufi zipi na maneno yapi yanayomsumbua. Daftari lenye tarehe na makosa yanayojirudia litamsaidia mwalimu kuliko maelezo marefu ya mdomo, na kama mtoto anaona kwa shida, kuhamishiwa dawati la mbele ni jambo linaloweza kufanyika asubuhi ile ile.